Rickwood Field: Uwanja wa Besiboli Ulionusurika kwa Kusahauliwa

Rickwood Field, ulioko upande wa magharibi wa jiji la Birmingham katika jimbo la Alabama, ndio uwanja mkongwe kuliko vyote vya besiboli ya kulipwa ambavyo bado vimesimama nchini Marekani. Ulifunguliwa tarehe 18 Agosti 1910. Fenway Park wa Boston ulifuata mwaka 1912 na Wrigley Field wa Chicago mwaka 1914, na hivyo viwili ndivyo hutajwa kwanza kila yanapozungumzwa majengo ya kale ya mchezo huo. Lakini Fenway na Wrigley ni viwanja vya ligi kuu, vyenye timu tajiri na mashabiki wa nchi nzima. Rickwood ulijengwa kwa ajili ya timu ya ligi ndogo, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake haukuwa na mtu wa kuugharamia ipasavyo. Siri ya kudumu kwake imo humo. Viwanja vilivyozungukwa na fedha vilivunjwa ili vijengwe vingine vikubwa zaidi. Rickwood haukuwahi kupata fedha za kuuvunja.

Besiboli ya Marekani imepangwa kwa ngazi. Juu kabisa ziko timu 30 za ligi kuu, na chini yake ziko ligi ndogo za madaraja kadhaa, ambazo timu zake hulea wachezaji kwa niaba ya timu kubwa zinazofungamana nazo. Kijana aliyesajiliwa leo anaweza kucheza miaka mitatu au minne katika miji midogo kabla ya kuitwa juu, na wengi hawaitwi kamwe. Neno “ndogo” lisimpotoshe msomaji. Kusini-mashariki mwa nchi hakukuwa na timu hata moja ya ligi kuu hadi Braves walipohamia Atlanta mwaka 1966. Kabla ya hapo, kwa mkazi wa Birmingham, Memphis au Nashville, timu ya ligi ndogo ndiyo iliyokuwa timu yake, na uwanja wake ndio ulikuwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kuingia.

Birmingham yenyewe ni mji wa chuma. Ulianzishwa mwaka 1871, baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mahali ambapo madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa hupatikana kwa ukaribu usio wa kawaida. Tanuru ziliongezeka, reli zikaja, na maelfu ya watu, weusi kwa weupe, wakahama kutoka mashamba ya pamba kwenda migodini na viwandani. Karibu kila kampuni kubwa ilikuwa na timu yake ya besiboli. Timu ya kulipwa ya mji iliitwa Barons, yaani mabwanyenye wa makaa, na kabla ya 1910 ilicheza katika uwanja wa mbao uliojulikana kwa jina la Slag Pile Field, kwa sababu kando yake palikuwa na rundo la mavi ya chuma yaliyotupwa kutoka kwenye tanuru. Watu wasio na kiingilio walipanda juu ya rundo hilo wakatazama bure.

Aliyebadilisha hali hiyo ni Allen Harvey Woodward, aliyefahamika zaidi kama Rick, mrithi wa kampuni ya chuma ya familia ya Woodward. Alikuwa na mapenzi makubwa na mchezo huo, akainunua timu, kisha akaamua kuijengea nyumba ya kudumu. Jina Rickwood limetokana na jina lake mwenyewe, na lilichaguliwa kupitia shindano la wananchi.

Uamuzi wake wa maana kuliko yote ulihusu vifaa vya ujenzi. Hadi mwanzo wa karne ya 20 majukwaa ya watazamaji yalijengwa kwa mbao, na mbao zikiunguzwa na sigara iliyotupwa ovyo ziliteketea kwa saa moja. Moto uliangamiza viwanja vingi kiasi kwamba wenye timu waliyachukulia majengo yao kama vitu vya kupita. Mwaka 1909 mambo yaligeuka: Philadelphia ikafungua Shibe Park na Pittsburgh ikafungua Forbes Field, vyote vya zege na chuma. Woodward alivichukua viwanja hivyo kuwa mfano wake. Connie Mack, kocha na mmiliki mwenza wa timu ya Philadelphia, alimshauri juu ya vipimo na mpangilio wa eneo la kuchezea. Ujenzi uligharimu takriban dola 75,000, na Rickwood ukawa uwanja wa kwanza wa ligi ndogo kujengwa kwa zege na chuma. Kwa mtu ambaye utajiri wake ulitoka kwenye chuma, kujenga kwa chuma kulikuwa pia tangazo la biashara, lakini tangazo hilo limeishi muda mrefu kuliko kampuni iliyolilipia.

Siku ya ufunguzi biashara za mjini zilifungwa na watu zaidi ya 10,000 walifika. Woodward mwenyewe alirusha mpira wa kwanza. Barons waliifunga timu ya Montgomery kwa mikimbio 3 kwa 2.

Ili kuelewa kwa nini uwanja mmoja wa besiboli unaweza kupendwa kwa namna ambayo uwanja wa kandanda haupendwi, ni lazima kuangalia vipimo. Eneo la ndani la besiboli halibadiliki popote duniani: vituo vinne hupangwa kwa umbo la mraba wenye pande za mita 27.4, na mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, anapongoja mpigaji mwenye gongo. Nje ya hapo kanuni hulegea. Umbali wa kufikia ukuta wa nyuma huamuliwa na ardhi iliyopo, barabara, reli au ukaidi wa mwenye uwanja. Mpira uliopigwa juu ukavuka ukuta humpa mpigaji mkimbio papo kwa papo, hivyo ukuta ukiwa karibu wapigaji hufurahi na ukiwa mbali warushaji hupumua. Kila uwanja kwa hiyo huuchezesha mchezo kwa tabia yake.

Rickwood ulikuwa na tabia ya ukarimu kwa warushaji. Umbali wa katikati ulizidi mita 140 katika miaka ya mwanzo, masafa ambayo wapigaji wachache sana waliweza kuyafikia. Baadaye uzio wa ndani ulisogezwa karibu ili kuongeza mabao, lakini ukuta wa zege wa mwaka 1928 haukuondolewa. Bado umesimama nyuma ya uzio huo, na katikati yake kuna alama ya msalaba mahali ambapo mpira wa mpigaji Walt Dropo uligonga mwaka 1948, takriban mita 142 kutoka kituo cha nyumbani. Uzio mpya mbele ya ukuta wa zamani usiobomolewa ni mfano halisi wa jinsi Rickwood ulivyokua: kitu kiliongezwa, na kilichotangulia kikaachwa mahali pake.

Mwaka huohuo wa 1928 ulijengwa mlango mkuu wa sasa, wenye sura ya majengo ya misheni za Kihispania, mtindo ambao hauna uhusiano wowote na Alabama lakini ulipendwa sana Marekani wakati ule. Mwaka 1936 ziliwekwa taa. Mechi ya kwanza ya usiku katika ligi kuu ilichezwa Cincinnati mwaka 1935, hivyo Birmingham haikuchelewa. Ligi ndogo kwa kweli ndizo zilizotangulia katika jambo hili, tangu 1930, kwa sababu mfanyakazi wa kiwandani hawezi kwenda uwanjani saa tisa mchana. Minara ya chuma ya taa za Rickwood imepanda kutoka juu ya paa na kuinamia uwanja, na leo ndiyo sehemu ya jengo inayotambulika kwa urahisi zaidi kwa mbali.

Mechi iliyozungumzwa zaidi katika miaka hiyo ni ya mwaka 1931, wakati bingwa wa Southern Association, ligi ya Barons, alipokutana na bingwa wa ligi ya Texas katika mfululizo ulioitwa Dixie Series. Houston ilikuja na Dizzy Dean, kijana wa miaka 21 ambaye muda mfupi baadaye angekuwa mrushaji mashuhuri wa ligi kuu. Birmingham ilimpanga Ray Caldwell, mwenye umri wa miaka 43. Zaidi ya watu 20,000 waliingia, idadi ambayo uwanja haukutengenezewa kabisa, na mkongwe akamshinda kijana kwa mkimbio 1 kwa 0. Barons walitwaa mfululizo huo.

Historia hiyo ingeweza kuandikwa kuhusu miji mingine kadhaa ya Kusini. Kinachoufanya Rickwood kuwa wa pekee ni timu ya pili.

Birmingham Black Barons walianza mwaka 1920, wakitokana na timu ya wafanyakazi weusi wa kampuni moja ya kutengeneza mabomba ya chuma cha kalibu. Wachezaji weusi walikuwa wamezuiwa kushiriki ligi za kulipwa za weupe tangu mwisho wa karne ya 19, nao wakaunda ligi zao. Black Barons hawakuwa na uwanja. Walikodi Rickwood, wakacheza pale wakati Barons weupe walipokuwa safarini. Mpango huu ulikuwa wa kawaida katika miji mingi, na mara nyingi huelezwa kana kwamba ulikuwa hisani ya wenye viwanja. Haukuwa hisani. Kodi na mapato ya milangoni kutoka kwa mashabiki weusi yalisaidia kuyaweka wazi majengo ambayo yangebaki kimya nusu ya msimu, na katika miaka ya mdororo wa uchumi mchango huo haukuwa mdogo. Mtu anayesema Woodward ndiye aliyeujenga Rickwood anasema kweli. Walioutunza ni pamoja na wachimbaji makaa na wafua chuma weusi waliolipa viingilio kila Jumapili baada ya ibada, wakiwa bado wamevaa nguo zao za kanisani.

Ndani ya uwanja, sheria za ubaguzi zilifuata mstari wa viti. Barons walipocheza, watazamaji weusi walitengewa majukwaa ya wazi upande wa kulia, yasiyo na paa, ambako jua la Alabama huchoma vikali kuanzia Mei. Black Barons walipocheza, mpango uligeuzwa na weupe wachache waliokuja ndio waliotengewa sehemu yao. Uwanja ulikuwa uleule, vituo vilevile na kituta kilekile cha mrushaji, kwa mataifa mawili yaliyokatazwa kukaa pamoja.

Satchel Paige, mzaliwa wa Mobile katika jimbo hilohilo, alirusha mpira Rickwood akiwa na Black Barons kuanzia 1927 hadi 1930, kabla ya kuwa mrushaji maarufu kuliko wote wa ligi za weusi. Miaka ya 1940 ndiyo iliyokuwa kilele cha timu. Black Barons walitwaa ubingwa wa Negro American League mwaka 1943, 1944 na 1948. Kocha wa mwaka 1948 alikuwa Lorenzo Davis, aliyeitwa Piper kwa jina la kijiji cha wachimbaji makaa alikozaliwa, na ambaye alianzia timu za viwandani. Katika kikosi chake alikuwamo mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17 kutoka Westfield, makazi ya wafanyakazi nje kidogo ya Birmingham. Jina lake ni Willie Mays.

Davis alimjua baba yake Mays, ambaye naye alicheza katika timu za viwandani, na alimlea kijana kwa mpangilio: masomo yakiwa yanaendelea, Mays alicheza mechi za nyumbani tu. Mwaka huo Black Barons walifika fainali dhidi ya Homestead Grays, na hiyo ikawa fainali ya mwisho ya ligi za weusi. Walishindwa mechi 4 kwa 1. Mechi moja waliyoshinda ilichezwa Rickwood, na ilimalizwa na pigo la Mays lililomwezesha mrushaji Bill Greason kukimbia hadi kituo cha nyumbani. Miaka miwili baadaye Mays alisajiliwa na New York Giants, na alipostaafu mwaka 1973 alikuwa amepiga mipira 660 ya kuvuka ukuta katika ligi kuu. Wachambuzi wengi humhesabu kuwa mchezaji kamili kuliko wote waliowahi kucheza besiboli.

Jackie Robinson alikuwa ameshavunja ukuta wa rangi katika ligi kuu mwaka 1947, na kuvunjika kwake kulikuwa mwanzo wa kufifia kwa ligi za weusi, kwa kuwa wachezaji bora walichukuliwa na mashabiki wakawafuata. Jiji la Birmingham halikufuata mfano huo. Kanuni za jiji zilikataza weusi na weupe kushiriki mchezo wowote pamoja, hata dama na domino. Mapema mwaka 1954 viongozi wa jiji waliilegeza kanuni hiyo, na mwezi Aprili Brooklyn Dodgers, timu ya Robinson, wakacheza Rickwood na Milwaukee Braves. Mwezi Juni wapiga kura wa jiji wakairudisha. Eugene Connor, kamishna wa usalama wa umma ambaye mwaka 1963 aliwaachilia mbwa na mabomba ya maji dhidi ya watoto waliokuwa wakiandamana, alijipatia umaarufu wake wa kwanza kama mtangazaji wa besiboli redioni. Watu walianza kuizoea sauti yake kupitia mechi za Barons.

Msimamo huo uliua besiboli ya mji kabla ya kuua ubaguzi. Timu za ligi kuu zilikuwa na wachezaji weusi wa kulea na hazikutaka kuwapeleka mahali wasiporuhusiwa kucheza. Southern Association ilisambaratika baada ya msimu wa 1961. Kwa misimu miwili, 1962 na 1963, Barons hawakuwapo. Septemba 1963 bomu la wabaguzi liliwaua wasichana wanne katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16. Majira ya kuchipua yaliyofuata, Barons walirudi katika ligi mpya ya Southern League, na kwa mara ya kwanza timu ya nyumbani ya Rickwood ilikuwa na wachezaji weusi na weupe pamoja.

Kipindi cha mwisho cha fahari kilitokana na Charlie Finley, mmiliki wa timu ya ligi kuu ya Athletics, aliyekuwa mtoto wa kuokota magongo ya Barons alipokuwa mdogo. Kuanzia 1967 timu yake ndogo ya Birmingham iliitwa Athletics pia. Reggie Jackson, Rollie Fingers na Joe Rudi walipitia hapo, na baadaye wakawa nguzo za Athletics wa Oakland waliotwaa ubingwa mwaka 1972, 1973 na 1974. Jackson amesimulia hadharani jinsi alivyokataliwa katika migahawa na hoteli za Birmingham, na jinsi kocha John McNamara alivyokataa timu ihudumiwe mahali ambapo mmoja wao hatakiwi. Ushuhuda wake ni muhimu kwa anayetaka kuujua uwanja huu, kwa sababu unahusu kipindi cha miaka mitatu baada ya timu kuchanganyika: malango ya Rickwood yalifunguka mapema kuliko mlango wa hoteli.

Athletics waliondoka baada ya msimu wa 1975. Barons walirudi mwaka 1981, wakatwaa ubingwa wa Southern League mwaka 1987, kisha mwaka 1988 wakahamia uwanja mpya katika kitongoji cha Hoover, wenye maegesho makubwa ya magari. Tangu 2013 wako Regions Field, katikati ya jiji. Rickwood ukabaki na mechi za shule na majani yaliyoota kwenye nyufa za zege.

Hapo ndipo viwanja vingi hufa. Forbes Field na Shibe Park, vilivyokuwa mfano wa Rickwood, vilibomolewa katika miaka ya 1970, na Comiskey Park wa Chicago, uliofunguliwa wiki chache tu kabla ya Rickwood, ulivunjwa mwaka 1991. Ardhi ya viwanja hivyo ilikuwa na thamani, au timu zake zilikuwa na uwezo wa kudai kipya. Ardhi ya magharibi mwa Birmingham haikuwa na wawekezaji wa kuigombea. Mitaa inayoizunguka ilikuwa imeachwa na viwanda vilivyoilisha. Umaskini wa mtaa ukawa kinga ya jengo. Jambo hilo si la kusherehekea, kwa maana gharama yake ililipwa na wakazi, lakini ndilo lililotokea.

Mwaka 1992 wapenzi wa uwanja waliunda jumuiya isiyo ya kibiashara iitwayo Friends of Rickwood, ambayo ilichukua jukumu la kuutunza kwa makubaliano na jiji, mmiliki wake. Mwaka 1993 uliandikishwa katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Usajili huo humpa mwenye jengo heshima na nafasi ya kuomba ruzuku. Haumlazimishi mtu kupaka rangi. Kazi halisi ilifanywa kidogokidogo: paa, vyuma vilivyoliwa na kutu, viti, kibanda cha waandishi wa habari juu ya paa.

Kila ukarabati wa jengo la kale hukutana na swali moja gumu: lirudishwe kwenye mwaka gani? Rickwood wa 1910 haukuwa na taa wala mlango wa Kihispania. Rickwood wa 1928 ulikuwa na mlango bila taa. Wasimamizi walielekea kwenye sura ya miaka ya 1940, enzi ambayo timu zote mbili zilikuwa hai na kubwa. Matangazo ya biashara ya mtindo wa wakati ule yalichorwa kwenye uzio, na ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono ukajengwa upya. Sinema zilisaidia: filamu kuhusu mchezaji wa zamani Ty Cobb ilipigwa hapo miaka ya mwanzo ya 1990, na “42”, inayomhusu Robinson na iliyotoka mwaka 2013, ikafuata. Mafundi wa filamu waliacha nyuma baadhi ya mapambo, na mengine yakabaki kuwa sehemu ya uwanja. Hapa pana hatari ambayo wahifadhi wa majengo wanaifahamu: pambo la sinema likikaa miaka 20 hugeuka kuwa “asili” machoni pa mgeni. Hata hivyo uchaguzi wa miaka ya 1940 ulikuwa sahihi, kwa sababu ndio pekee usiowafuta Black Barons. Kuanzia 1996 Barons walirudi mara moja kwa msimu kucheza mechi rasmi ya ligi, wakiwa wamevaa sare za zamani, katika tukio lililoitwa Rickwood Classic.

Mechi moja kwa mwaka haiwezi kuufanya uwanja wa kale uendane na kanuni za leo. Mwaka 2021 ligi kuu ilichukua usimamizi wa ligi ndogo, ikapunguza timu zinazofungamana nayo kutoka 160 hadi 120 na kuweka viwango vipya vya majengo: ukubwa wa vyumba vya kubadilishia nguo, mwanga wa taa, vyumba vya mazoezi, sehemu za wanawake wanaofanya kazi ya uamuzi na ukocha. Viwango hivyo vina sababu nzuri, hasa kwa afya ya wachezaji. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba karibu kila uwanja wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia unashindwa kuvitimiza bila kubadilishwa sura yake.

Mwezi Juni 2023 ligi kuu ilitangaza kwamba St. Louis Cardinals na San Francisco Giants watacheza mechi ya msimu Rickwood tarehe 20 Juni 2024, kwa heshima ya ligi za weusi na ya Willie Mays. Kazi iliyofuata iligharimu takriban dola milioni 5, na mgawanyo wake ndio unaostahili kuangaliwa na kila anayesimamia uwanja wa kale. Sehemu kubwa ilikwenda ardhini. Eneo la kuchezea la Rickwood lilikuwa halijasawazika, na halikuweza kumeza mvua kubwa. Katika viwanja vya zamani maji huondolewa kwa mteremko mdogo wa uso wa ardhi. Katika vya leo hushuka kupitia mchanga na kokoto hadi kwenye mabomba yenye matundu yaliyofukiwa chini, hivyo mechi inaweza kuendelea muda mfupi baada ya mvua. Nyasi na udongo wa zamani viliondolewa, ardhi ikasawazishwa, mfumo mpya wa kupitisha maji ukatandazwa na nyasi mpya zikapandwa chini ya uangalizi wa Murray Cook, mtaalamu wa viwanja wa ligi kuu. Vibanda vya timu vilipanuliwa. Kuta ziliwekewa magodoro ili mchezaji anayekimbia kinyumenyume asivunjike mbavu, na nyavu zikafungwa kuwalinda watazamaji dhidi ya mipira inayochepuka kwa kasi.

Vyumba vya wachezaji vilikuwa vidogo mno kwa vikosi vya leo. Ingewezekana kubomoa sehemu ya chini ya jukwaa na kujenga vipya. Badala yake vilijengwa vyumba vya muda nje ya jengo, vikaondolewa mechi ilipokwisha. Uamuzi huo uligharimu fedha ambazo hazikuacha kitu cha kudumu, na mwenye daftari la hesabu anaweza kuulalamikia. Lakini jukwaa la 1910, na mihimili yake ya chuma iliyopigwa ribiti, lilitoka salama, na hilo lisingeweza kununuliwa tena kwa bei yoyote.

Wiki chache kabla ya mechi, mwishoni mwa Mei 2024, ligi kuu iliingiza takwimu za ligi za weusi katika rekodi zake rasmi. Mays aliongezewa mapigo 10 aliyoyapata mwaka 1948. Tarehe 18 Juni timu mbili za ligi ndogo, Barons na Montgomery, zilikuwa zikicheza Rickwood kufungua sherehe, timu za miji ileile iliyokutana siku ya kwanza mwaka 1910, wakati ilipotangazwa kwamba Willie Mays amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 93. Siku mbili baadaye mbele ya watu 8,332, mpira wa heshima ulirushwa na Bill Greason, mwenye umri wa miaka 99: mrushaji yuleyule aliyekimbizwa nyumbani na pigo la Mays mwaka 1948, na ambaye baadaye alikuwa mchungaji wa Kibaptisti hapohapo Birmingham. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, waamuzi wote wa mechi walikuwa weusi. Cardinals walishinda 6 kwa 5.

Njia nyingine ya kuokoa uwanja wa aina hii inaonekana Paterson, New Jersey. Hinchliffe Stadium, uliojengwa mwaka 1932 na kutumiwa na timu za weusi, ulikaa umefungwa tangu miaka ya 1990 hadi miti ikaota majukwaani. Ulifunguliwa tena mwaka 2023 kwa mradi wa zaidi ya dola milioni 100 ulioambatana na nyumba za wazee, maegesho na jumba la makumbusho, na ukapata timu ya kulipwa ya kucheza humo msimu mzima. Paterson ilipata mpangaji wa kudumu na mapato ya kodi. Sehemu kubwa ya kilichopo leo ni kipya. Birmingham ilipata ardhi nzuri na jengo halisi, bila mpangaji wa kulipwa, kwa kuwa Barons wana makao yao ya kisasa kilomita chache kutoka hapo.

Watumiaji wa kila siku wa Rickwood ni Miles College, chuo cha kihistoria cha weusi kilichoko Fairfield, pamoja na timu za shule na za ridhaa, ambazo sasa zinachezea nyasi zilizoandaliwa kwa kiwango cha ligi kuu. Nyasi hizo zinahitaji kukatwa, kumwagiliwa na kutiwa mbolea na watu wenye ujuzi, msimu baada ya msimu. Chuma cha paa kinahitaji kukwanguliwa kutu na kupakwa rangi kwa zamu isiyokatika, na zege ya jukwaa, iliyomwagwa kabla ya mafundi kuwa na kanuni za kisasa za kuikinga na unyevu, inahitaji kukaguliwa na wahandisi kila baada ya muda. Kazi hizo haziletewi kamera za televisheni. Zinategemea bajeti ya jiji na michango inayokusanywa na jumuiya ya wapenzi wa uwanja, kama ilivyokuwa tangu 1992.